Kitabu cha Shule na Sauti ya Mwandishi: Tukimsoma Wojciech Roszkowski

Katika aina zote za vitabu vinavyoandikwa na kuchapishwa, hakuna kinachomkuta msomaji wake katika hali ya unyonge kama kitabu cha kiada. Riwaya msomaji huichagua mwenyewe, na gazeti likimuudhi hulitupa akafungie samaki. Kitabu cha historia cha shule mwanafunzi hupewa, huamriwa kukisoma, kisha hutahiniwa juu yake. Mwandishi wa kitabu cha namna hiyo ana nguvu asizokuwa nazo mshairi wala mtunzi wa tamthilia, maana nyuma ya kalamu yake wamesimama wizara, mkaguzi na mtihani. Kwa hiyo si haki kwamba wahakiki wetu hushughulika sana na riwaya na mashairi, na vitabu vya kiada huviachia kamati za mitaala. Hapa tutajaribu kumhakiki mwandishi mmoja wa aina hiyo, Wojciech Roszkowski wa Polandi, kwa vipimo vilevile vya maudhui na fani tunavyompimia mtunzi yeyote.

Tumemchagua kwa sababu moja kubwa. Waandishi wengi wa vitabu vya shule wako upande mmoja tu maisha yao yote: ama wanaandika kwa kibali cha serikali, ama wananyimwa kibali hicho. Roszkowski amekaa pande zote mbili. Aliandika historia ya nchi yake kwa kujificha wakati kuiandika kulikuwa kosa, na miaka arobaini hivi baadaye akaandika kitabu ambacho waziri wa elimu mwenyewe alikitetea hadharani. Mambo yaliyotokea kati ya vitabu hivyo viwili yanawahusu walimu wa kila nchi.

Yafaa kwanza msomaji afahamu historia ni kitu gani kwa Wapolandi. Mwaka 1795 nchi yao ilimalizika kugawanywa na Urusi, Prusia na Austria, ikatoweka katika ramani ya Ulaya kwa miaka 123, hadi 1918. Katika muda huo wote hapakuwa na dola huru ya Kipolandi. Kilichobaki ni lugha, dini na kumbukumbu, na vyote vitatu vilipiganiwa darasani. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliokuwa chini ya Wajerumani, watoto walichapwa viboko kwa kukataa kujifunza dini kwa Kijerumani. Huko Warszawa, chini ya Warusi, vijana walisoma kwa siri katika chuo kilichohamahama kutoka nyumba hadi nyumba, kikaitwa Chuo Kinachoruka. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Maria Skłodowska, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Curie. Wajerumani walipoivamia tena nchi hiyo mwaka 1939 na kufunga shule za sekondari na vyuo vikuu, masomo ya siri yakarudi majumbani. Kwa taifa lenye mazoea hayo, somo la historia haliwezi kuwa somo kama jiografia au hesabu. Ni mahali taifa lilipojificha wakati halikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Hata hivyo tusidhani kwamba Wapolandi wote waliisimulia historia yao kwa sauti moja. Mwaka 1879 Michał Bobrzyński wa Kraków alitoa kitabu kilichodai kwamba dola ya Polandi iliangushwa hasa na makosa ya Wapolandi wenyewe: serikali dhaifu, na mabwana walioupenda uhuru wao kuliko nchi. Wanahistoria wa Warszawa walimpinga vikali, wakitilia mkazo uchoyo wa majirani. Ubishi huo ulikuwa wa manufaa, kwa kuwa kila upande ulilazimika kutafuta hati na ushahidi ili uushinde mwingine. Tunautaja hapa kwa kuwa tutauhitaji baadaye.

Baada ya vita vya pili vya dunia Polandi ilitawaliwa na chama cha kikomunisti chini ya kivuli cha Muungano wa Kisovieti, na historia ya shule ikawa na masimulizi mamoja. Makosa ya masimulizi hayo yalikuwa zaidi katika yale yaliyonyamaziwa kuliko katika yale yaliyosemwa. Mkataba wa tarehe 23 Agosti 1939 kati ya Ujerumani ya Hitler na Moscow ulikuwa na sehemu ya siri iliyoigawanya Polandi; wanafunzi hawakuambiwa sehemu hiyo. Tarehe 17 Septemba 1939 majeshi ya Kisovieti yaliingia Polandi kutoka mashariki. Tendo hilo liliitwa ukombozi. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1940 polisi wa siri wa Kisovieti waliwaua Wapolandi wapatao 22,000, maofisa wa jeshi, polisi na watu wengine wa tabaka la wasomi, na wengi wao walizikwa katika msitu wa Katyń na mahali pengine. Kwa muda wa miaka hamsini wenye hatia waliwasingizia Wajerumani. Moscow haikukiri mpaka tarehe 13 Aprili 1990. Wapolandi walikuwa na jina la mambo kama hayo: waliyaita madoa meupe, yaani sehemu za ukurasa zilizoachwa bila wino.

Na mojawapo ya madoa hayo lilifika mpaka kwetu. Mwaka 1940 na 1941 mamia ya maelfu ya raia wa Polandi walikamatwa mashariki mwa nchi wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Baadhi yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, walitoka kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Kambi yao kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, ambako walikaa watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na huko Uganda, Koja na Masindi. Tengeru palikuwa na kanisa, hospitali na shule za msingi na sekondari, na makaburi yao yako pale mpaka leo. Mkulima wa Kimeru aliyepita karibu na kambi ile aliwaona watoto hao kwa macho yake. Lakini mtoto aliyebaki Polandi akasoma shule Kraków miaka ya 1950 hakuruhusiwa kusoma kitabuni kwa nini wenzake walifika chini ya Mlima Meru.

Katika hali hiyo ndipo anapotokea Roszkowski. Alizaliwa Warszawa mwaka 1947, akasomea uchumi na kuwa mwanahistoria wa mambo ya uchumi. Miaka ya 1980 kilianza kupita mikononi mwa watu kitabu kinene cha historia ya Polandi ya karne ya 20, kimechapishwa chini kwa chini bila kibali, na jina la mwandishi likiwa ni Andrzej Albert. Hapakuwa na mtu wa jina hilo. Aliyejificha nyuma yake alikuwa Roszkowski, mwalimu wa chuo kikuu mchana na mwandishi wa haramu usiku. Vitabu vya namna hiyo vilipigwa chapa katika vyumba vya chini na kupelekwa kwa mikoba, na mtu aliyeshikwa navyo aliweza kupoteza kazi au kufungwa.

Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilistahili heshima iliyopewa. Kazi ya Albert ilikuwa kujaza madoa meupe, na kwa msomaji aliyefichwa mambo, habari kavu yenye tarehe na idadi ni ya thamani kuliko hotuba. Mwandishi wa haramu ana sababu nzuri ya kuzuia hisia zake: anajua kwamba msomaji wake amechoka na vitabu vinavyomwambia afikiri nini. Mwenye kunyimwa chumvi huomba chumvi tu, haombi mapishi.

Utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, jina la kweli likarudi kwenye jalada. Pamoja na Anna Radziwiłł, mwalimu mashuhuri aliyepata pia kuwa naibu waziri wa elimu, Roszkowski aliandika mfululizo wa vitabu vya historia kwa shule za sekondari, kuanzia 1789 hadi wakati wa karibu. Vijana wengi wa miaka ya 1990 walisoma humo. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi za kitaaluma: alifundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, akahariri pamoja na Jan Kofman kamusi kubwa ya wasifu wa watu wa Ulaya ya Kati na Mashariki, na kuanzia 2004 hadi 2009 alikuwa mbunge katika Bunge la Ulaya. Huyu basi si mtu wa kubahatisha, na wale waliomdhihaki mwaka 2022 kana kwamba alikuwa mpiga domo wa mtaani hawakumtendea haki.

Tuje sasa kwenye kitabu chenyewe. Serikali ya Polandi ya wakati huo, kwa uongozi wa waziri wa elimu Przemysław Czarnek, ilianzisha somo jipya katika sekondari kuanzia Septemba 2022, likaitwa Historia na Wakati wa Sasa. Kitabu cha kwanza kupata idhini, mwezi Julai mwaka huo, kilikuwa cha Roszkowski. Kilitolewa na wachapaji wa Kraków waitwao Biały Kruk, kikihusu miaka ya 1945 hadi 1979. Ni kitabu cha kurasa zaidi ya 500, kwa wanafunzi wa umri wa miaka kumi na mitano.

Kwa upande wa maudhui, sehemu zinazohusu utawala wa kikomunisti zina nguvu. Pale anapoeleza jinsi uchaguzi wa 1947 ulivyoibwa, jinsi wapinzani walivyofungwa, jinsi wafanyakazi wa Poznań walivyopigwa risasi mwaka 1956 na wale wa miji ya pwani mwaka 1970, yuko nyumbani kwake. Hapo twamtambua yule Albert wa zamani. Lakini mwandishi hakutosheka na hayo. Kitabu kinaihukumu miaka hiyo yote: muziki wa vijana, mabadiliko ya ndoa, wanawake waliodai haki, Ulaya ya Magharibi iliyopoteza dini. Harakati ya ukombozi wa wanawake inawekwa katika orodha ya itikadi, na neno itikadi katika kitabu hiki ni neno la lawama. Imani anazozipenda mwandishi hazionekani kuwa itikadi. Hizo ni ukweli wa maumbile tu.

Kifungu kilichowasha moto ni kile kinachohusu familia. Katika kitabu kinachopaswa kuishia mwaka 1979, mwandishi anaruka ghafla hadi karne ya 21. Anasema kwamba watu sasa wanataka kuzaa watoto nje ya muungano wa mume na mke, ikiwezekana katika maabara. Analinganisha uzazi huo na ufugaji. Kisha anauliza ni nani atakayewapenda watoto waliotengenezwa kwa njia hiyo.

Tulitazame swali hilo kama wahakiki wa fasihi, maana ni la fani kabla ya kuwa la siasa. Katika hotuba, swali la balagha ni pambo halali: msemaji anauliza, umati unajibu moyoni, na asiyekubali anaweza kuzomea. Katika kitabu cha kiada swali ni chombo cha kazi. Mwanafunzi akiona alama ya kuulizia, anafundishwa kwamba jibu lipo na kwamba yeye ndiye wa kulitafuta. Swali la Roszkowski limevaa sare ya zoezi la darasani, na jibu lake limekwisha kufungwa ndani: hakuna atakayewapenda. Mtoto hawezi kulichunguza kwa hati wala kwa ramani. Anaweza tu kulikubali au kunyamaza.

Na baadhi ya watoto hao walikuwa wameketi darasani. Mtoto wa kwanza duniani aliyetungishwa mimba nje ya mwili wa mama alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na Polandi ilimpata wa kwanza mwaka 1987 huko Białystok. Kufikia 2022 wengine wa namna hiyo walikuwa watu wazima, na wadogo zao wako shuleni. Hebu tufikiri mwalimu anasoma kwa sauti kifungu hicho mbele ya wanafunzi thelathini, na mmoja wao anajua alivyozaliwa. Wazazi wake walimhangaikia miaka mingi kabla ya kumpata, na sasa kitabu chenye mhuri wa wizara kinamwuliza nani anampenda. Wazazi wa watoto kama hao walikasirika, wakatafuta njia ya kwenda mahakamani. Mwandishi alijitetea kwamba hakuutaja uzazi huo wa kitabibu kwa jina. Ni kweli hakuutaja. Lakini msomaji wa miaka kumi na mitano akisoma neno maabara hafikirii jambo jingine. Hatimaye wachapaji walikiondoa kifungu hicho.

Wako waliosema kwamba kifungu kimoja katika kurasa 500 kisitumiwe kukihukumu kitabu kizima. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kifungu kile kingekuwa ajali. Sisi hatuoni hivyo. Kifungu kile kimeonyesha kwa uwazi zaidi tabia iliyoenea katika kitabu chote, yaani mwandishi kumtangulia msomaji kwenye hukumu. Sifa na lawama zinapachikwa kwenye majina ya watu kabla matendo yao hayajasimuliwa. Mwanafunzi anaambiwa kwanza kwamba jambo ni upotofu, ndipo anaelezwa ni jambo gani. Vitabu vya wakomunisti viliandikwa hivyohivyo, ila majina ya wapotofu yalikuwa mengine.

Wapolandi wana usemi wao juu ya kipimo cha namna hii, na kwa bahati ya ajabu wameuchukua Afrika. Henryk Sienkiewicz, mtunzi wao mashuhuri, alifika Unguja na Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1911 akatoa riwaya ya watoto inayotokea Afrika, ambayo shule za Polandi zimeisomesha kwa vizazi vingi. Ndani yake yumo kijana Mwafrika aitwaye Kali, aliyechorwa kama mtumishi mwema asiye na akili nyingi. Akiulizwa ubaya ni nini, anaeleza kwamba ubaya ni mtu kumwibia Kali ng'ombe. Wema ni Kali kumwibia mtu. Tangu hapo Mpolandi akitaka kulaumu hukumu ya pande mbili husema ni maadili ya Kali. Tungeweza kulalamika, na tuna haki, kwamba mtunzi wa Kizungu alibuni mtu mweusi ili awe chombo cha kubebea aibu ambayo watu wote wanayo. Ila neno lenyewe linafaa hapa. Serikali ikimlazimisha mtoto kuamini fikra za Marx, huo ni utumwa wa akili. Ikimlazimisha kuamini fikra zetu, hayo ni malezi. Ng'ombe ni yuleyule.

Haifai kuwasahau waliomtetea. Walisema kwamba hakuna historia isiyo na msimamo, na kwamba vitabu vinavyojidai havina upande huuficha tu. Jambo hilo ni la kweli, na sisi katika Afrika ya Mashariki tunalijua vizuri. Tulifundishwa na vitabu vya wakoloni, vyenye lugha ya upole kabisa, kwamba bara letu halikuwa na historia kabla ya meli za Wazungu. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliposhika kalamu, na kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na I. N. Kimambo na A. J. Temu kikatoka mwaka 1969, walikuwa na msimamo na hawakuuficha. Lakini walionyesha ushahidi wao, ukiwemo wa masimulizi ya wazee, na muda si mrefu baadaye wasomi wengine wakawashambulia kwamba wametukuza mno viongozi na utaifa wakasahau wakulima. Mashambulizi hayo yaliwezekana kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa imeacha mlango wazi. Ndivyo ilivyokuwa pia kati ya Bobrzyński na wapinzani wake wa Warszawa. Msimamo wa mwandishi haumzuii mwanafunzi kufikiri, maadamu ameonyeshwa mahali ushahidi unapoishia na mahali maoni yanapoanzia. Roszkowski wa 2022 amefuta mpaka huo.

Jambo hili si la Polandi peke yake. Tangu mtaala mpya wa Tanzania ulipoanza kutumika, shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Jina hilo linaunganisha vitu viwili ambavyo Roszkowski pia aliviunganisha. Hatusemi kwamba ni kosa kuviunganisha. Mababu zetu walifunza maadili kwa kusimulia mambo ya kale, na jando na unyago visingekuwa na maana bila masimulizi. Tunasema kwamba mwandishi wa somo la aina hiyo hujaribiwa kila ukurasa. Akisimulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, je, atamwachia mwanafunzi nafasi ya kuuliza kwa nini baadhi ya watawala walikaa upande wa Wajerumani, au atawaita wasaliti katika sentensi ya kwanza na kuendelea mbele? Neno wasaliti ni jepesi kuandika, na linatahinika. Lakini mwanafunzi aliyelikariri hajajifunza kitu juu ya hofu, uhasama wa zamani na hesabu ya nguvu iliyowafanya watu wale wachague walivyochagua.

Walimu wa Polandi walijibu kwa njia ambayo sheria yao iliwaruhusu. Nchini humo mwalimu ana haki ya kuchagua kitabu, au kufundisha somo bila kitabu chochote, mradi afuate mtaala. Shule nyingi zilikikataa kitabu cha Roszkowski. Nyingine zilitumia kingine kilichopata idhini baadaye, na walimu wengine waliandaa masomo yao kwa hati, picha na magazeti ya wakati ule. Mwalimu aliyefanya hivyo alikuwa na kazi maradufu kwa mshahara uleule. Tunadhani wapo pia waliokitumia kwa namna bora kuliko zote: kusoma kifungu darasani, kisha kuwauliza wanafunzi ni sentensi ipi inayoweza kuthibitishwa na ipi isiyoweza. Mbele ya mwalimu kama huyo hata kitabu kibaya huwa na faida, ingawa si busara kuandika kitabu kwa kutegemea kwamba mwalimu atakitengeneza.

Mwezi Oktoba 2023 Wapolandi walipiga kura, na Desemba serikali ikabadilika. Wizara mpya, chini ya Barbara Nowacka, iliamua somo lile liondolewe hatua kwa hatua, na Septemba 2025 mahali pake pakaingia somo la elimu ya uraia. Kitabu cha Roszkowski, pamoja na juzuu yake ya pili, kimebaki katika maktaba na maduka. Kimebaki pia kitabu cha Andrzej Albert, katika karatasi duni na wino hafifu wa miaka ya 1980, na wenye nakala hizo wanazitunza.